Mama Mkwe, Kinu na Pini Kumi

Ndugu yangu msomaji, kama umeoa, una watoto, na una mama mkwe anayekuja kusalimia mara tu baada ya mavuno na kuondoka mvua zikishakolea, sogeza kiti. Tutaelewana. Ambaye bado hajaoa aruke ukurasa, akajifunze kwa machozi yake mwenyewe wakati wake ukifika.

Balaa lenyewe liliingia nyumbani kwa mlango wa elimu. Kijana wangu wa kwanza anasoma St. John's pale Dodoma mjini, chuo kilichoanzishwa mwaka 2007 kwenye majengo ya iliyokuwa Shule ya Sekondari Mazengo, shule iliyobeba jina la mtemi wetu wa Mvumi. Nyumbani tunamwita Profesa tangu darasa la pili, aliposimama kanisani kumsahihisha mzee wa kanisa hesabu ya sadaka. Hesabu ilikuwa imekosewa kweli, na ndiyo maana mpaka leo hakuna aliyemsamehe. Sasa huyu Profesa alikwenda Nairobi na kwaya ya wanafunzi, na huko wenyeji wao wakawapeleka Village Market, ambako kuna ukumbi wa bolingi. Alirudi Mvumi Mission akiwa na begi moja, nguo chafu za begi mbili, na wazo.

Wazo lilikuwa tuandae mashindano. Si ya kujifurahisha tu, hapana. Mashindano yenye kiingilio, zawadi na kanuni, familia na majirani wa Mission dhidi ya ndugu zetu wa Mvumi Makulu. Nikasema haiwezekani. Wewe mwenzangu unajua neno "haiwezekani" la baba mwenye nyumba lina uzito gani. Kulipokucha tayari kulikuwa na kamati.

Nikujulishe kamati. Mwenyekiti ni Mjomba Katiba, mtendaji wa kijiji mstaafu, ambaye hawezi kunywa chai bila kuuliza kifungu kinachoruhusu sukari. Mweka hazina ni mke wangu, Mama Profesa, kwa kuwa hakuna senti inayotua kwenye nyumba ile ikapita bila yeye kuiona. Katibu ni binti yangu Redio, na sababu ya jina utaiona mbele. Mtaalamu wa mitambo ni shemeji yangu Injinia, fundi wa pikipiki, aliyewahi kuitengeneza pasi ya mkaa ikawa haipigi tena. Mjumbe maalumu ni mama mkwe, ambaye kwa siri tunamwita Makulu kwa sababu ndiko kwao, na kwa wazi tunamwita mama na kuinamisha kichwa. Mimi nilipewa cheo cha mwenye uwanja. Hakina kura.

Bolingi, kwa ambaye hajaiona, ni kubiringisha mpira mzito kwenye njia nyembamba ili uangushe pini 10 zilizopangwa pembetatu. Una raundi 10, kila raundi mipira miwili. Ukiziangusha zote kwa mpira wa kwanza ni straiki: unapata 10, kisha unaongezewa pointi za mipira miwili itakayofuata. Ukizimaliza kwa mpira wa pili ni spea, unaongezewa za mpira mmoja. Anayepiga straiki 12 mfululizo anapata 300, na zaidi ya hapo hakuna.

Mjomba Katiba alimsikiliza Profesa mpaka mwisho, akavua miwani.

"Pointi za mpira ambao haujatupwa unaziandika wapi?"

"Unasubiri, babu. Unaacha nafasi."

"Huo si mchezo. Hiyo ni bajeti."

Wiki nzima ikaliwa na tarehe. Sabasaba ilikuwa karibu mno. Mwanzoni mwa Agosti kulikuwa na Simba Day na Wiki ya Mwananchi, na nyumbani kwangu Mama Profesa ni Simba, Injinia ni Yanga. Siku hizo kumwambia mmoja wao apokee sahani kutoka kwa mwenzake ni kutafuta kesi. Nane Nane ndiyo kabisa haiguswi, maana Makulu hajawahi kukosa maonyesho ya Nzuguni. Anakwenda kutazama ng'ombe. Anasimama mbele ya zizi la maonyesho mpaka jua linazama, kisha anarudi nyumbani na habari ya mwaka 1986.

Hapa inabidi nichepuke. Mwaka 1986 serikali, kupitia mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO, iliondoa mifugo yote Mvumi kwa sababu ardhi ilikuwa imeliwa na makorongo. Mtaalamu atakwambia ardhi ilihitaji kupumzika, na ukiyaona makorongo yetu unaelewa alikuwa anaogopa nini. Lakini ng'ombe wa baba mkwe wangu nao walikwenda, na Makulu hajaifunga hesabu hiyo. Mjadala wowote pale nyumbani, uwe wa chumvi, wa ada au wa nani alale wapi, ukimwelemea anawaleta ng'ombe. "Sisi ambao mifugo yetu iliondolewa..." Akishafika hapo, umeshindwa. Kwa desturi zetu mkwe habishaniwi mbele za watu, na Makulu anahakikisha watu wapo.

Jumamosi ikapatikana mwishoni mwa Agosti, baada ya Mama Profesa kuhamisha mazoezi ya kwaya na kuzisogeza send-off mbili zisizotuhusu. Usiniulize alifanyaje.

Kuhusu uwanja, vipimo vya kimataifa vinataka mita 18.29 kutoka mstari wa kurushia hadi pini ya kwanza, na upana wa mita moja na kidogo. Uwanja wangu wa kupuria mtama unazitosha, ila kwa sharti la kupita mbele ya mlango wa jiko. Upande mmoja unateremkia korongoni, kwa hiyo ilibidi turushe kuelekea banda la kuku, tukaegesha magunia ya uwele nyuma ya pini kuwa breki. Profesa akasema njia za kweli hupakwa mafuta mwanzoni ili mpira uteleze, akanyoosha mkono kwenye dumu la alizeti. Mama Profesa hakupandisha sauti. Alisema tu, "Baba, yaguse hayo mafuta, utarudi chuoni huna mama." Tukasiriba kwa samadi ya ng'ombe, iliyoombwa kwa jirani, na bila shaka wakati wa kuisiriba tulikumbushwa kwamba kuna watu walikuwa na samadi yao wenyewe.

Pini zilikuwa rahisi kupatikana. Pini halali ina urefu wa sentimita 38 na uzito wa kilo moja na nusu hivi. Watoto wakaokota chupa za maji za lita moja na nusu zilizobaki kwenye harusi ya jirani, wakazijaza mchanga wa korongoni mpaka juu kidogo ya kitambi cha chupa. Kwenye mpira wa kurusha ndipo Injinia alipoingia.

Alikuwa amesikia mahali kwamba mpira wa bolingi unakaribiana sana kwa ukubwa na mpira wa miguu namba tano. Ni kweli. Akachukua mpira wa watoto, akautoboa, akaumiminia zege, akauanika siku kadhaa, kisha akachana ngozi mbele ya kamati nzima. Lilitoka dude la kijivu, duara kuliko kitu chochote alichowahi kutengeneza, na kwa heshima ya Injinia nakiri lilipendeza. Tukalipeleka kwenye mzani wa mahindi. Kanuni inasema mpira usizidi ratili 16, yaani kilo 7.26. Mzani ukasoma kilo 12 na ushei.

"Mzani unakosea," akasema Injinia.

Akaliinua kwa mikono miwili, akalibiringisha. Nililiona kwa karibu lile jambo, maana nilikuwa nimekaa kwenye kigoda pembeni nikinywa uji. Lilikwenda polepole, likinguruma, likiacha mfereji kwenye samadi mbichi. Pini hazikuanguka; zilisambaa. Gunia la kwanza likapasuka, uwele ukamwagika, na lile dude likaukokota mlango wa banda la kuku mpaka ndani. Kuku walitoka wote, wakaona uwele chini, wakaamua kwamba hayo ndiyo maisha. Dude lenyewe likagonga nguzo, likageuka, likashika mteremko, likatupita sote kwa upole na kutumbukia korongoni. Liko huko mpaka leo. Jogoo wa Makulu alipatikana jioni juu ya paa la jirani, na kwa muda mrefu alikataa kuwika.

Kwa hiyo tukawa hatuna mpira wa kurusha, na watoto hawana mpira wa kuchezea. Hilo la pili hatukulitilia maanani, na lilitugharimu, kwa sababu watoto ndio waliokuwa wapange pini. Hata huko Marekani, kabla kampuni ya AMF haijaonyesha mashine ya kupanga pini mwaka 1946, kazi hiyo ilifanywa na vijana waliokaa nyuma ya pini wakikwepa mipira. Watoto wangu waligoma. Walikaa juu ya ukuta wakiangalia chupa zikilala chini kama walevi wa mnadani, na msemaji wao, mwenye umri wa miaka saba, akasema hawapangi kitu mpaka mpira wao urudi. Mjomba Katiba akawatajia kifungu. Wakamwuliza kama kifungu kinadunda. Mama Profesa akafungua hazina, akanunua mpira mpya, na bajeti ya zawadi ikafa pale pale. Zawadi ikawa beberu wangu. Kamati ilipiga kura nikiwa shambani.

Mpira wa kurusha ukatoka kwa Makulu. Alikuwa na kinu kikuukuu kilichopasuka mdomo, akakubali kitako chake kichongwe. Mzee mmoja anayechonga vinu na mitwangio akakizungushia tezo mpaka kikawa duara, kilo nne na kitu, na Profesa akasherehekea kwa kutueleza kwamba hata mipira ya zamani ya bolingi ilikuwa ya mti mgumu, kabla ya kuja ya raba mwaka 1905. Wote tulifurahi. Hakuna aliyejiuliza maana yake ni nini Makulu kuwa mwenye mpira. Na wewe uliyecheza chandimu utotoni unajua mwenye mpira ni nani: ndiye anayepanga timu, ndiye haambiwi katoa faulo, ndiye akikasirika mechi inakwisha. Mpira ukahamia chumbani kwake, chini ya kitanda.

Sasa tufike kwenye kiini cha maafa, yaani pointi za kubebwa. Mashindano ya wasiolipwa yana tatizo moja, kwamba anayejua na asiyejua wanacheza pamoja. Dawa yake ni ya miaka mingi: unachagua alama ya msingi, unatoa wastani wa mchezaji, unachukua sehemu ya tofauti, tuseme asilimia 90, na kumwongezea kwenye kila mchezo. Alama ya msingi huwa 200 au zaidi. Sisi kwa unyenyekevu tukaweka 150. Mwenye wastani wa 100 amepungukiwa 50, kwa hiyo anapewa 45. Pale uwanjani ikaitwa mbeleko, na mambo yakaeleweka haraka kuliko Profesa alivyotarajia.

Tukafanya michezo ya majaribio kupata wastani. Profesa alipata 121. Injinia 112, hana aibu yule mtu. Mimi 88. Mama Profesa akapata 94 huku akisonga ugali katikati ya raundi. Kisha akaja Makulu. Alichechemea mpaka kwenye mstari, akashika goti, akaomba kiti, akauachia mpira kana kwamba anamwaga maji machafu. Mpira ukaenda korongoni. Akarudia, ukaenda jikoni. Watu wa Mvumi Makulu waliokuja kushuhudia wakaangalia pembeni kwa huruma. Wastani wake ulikuwa 41.

"Mama, pole," nikamwambia.

"Marahaba mwanangu," akajibu, ingawa sikuwa nimemwamkia. "Uzee. Halafu sisi ambao maziwa yetu yaliondoka mwaka 1986, mifupa itatoka wapi?"

Profesa akapiga hesabu: 150 toa 41 ni 109, asilimia 90 ni 98. Mbeleko ya pointi 98. Injinia akapewa 34, mimi 55, Profesa mwenyewe 26. Mjomba Katiba akagonga muhuri wa zamani wa ofisi, ambao kisheria hakupaswa kuwa nao.

Siku ikafika. Mama Profesa aliuza chapati na juisi ya ubuyu, na nadhani ndiye pekee aliyepata faida. Spika iliimba, vumbi likatimka, watoto wakapanga pini kwa bidii iliyonipa wasiwasi. Baadaye iligundulika kwamba chupa moja waliijaza mchanga mpaka shingoni, na kila Injinia alipofika mstarini waliiweka pembeni kabisa, mahali pa pini namba 10. Alihangaika nayo mchana kutwa. Mpira uliotobolewa haukuwa umesahaulika.

Injinia alimaliza na 118, na mbeleko ikawa 152. Profesa 131, akafika 157, akaanza kumwangalia beberu wangu kwa jicho la mmiliki. Mimi nilipata 90, jumla 145, na nilikuwa nimeshatosheka. Wachezaji wa Mvumi Makulu walikuwa wameishia nyuma yetu, isipokuwa mmoja ambaye alikuwa bado anatafuta viatu vyake.

Makulu alikuja mstarini bila kuchechemea. Hilo peke yake lingetosha kunishtua. Alivua kitenge cha juu, akakifunga kiunoni, akautoa mpira kwenye kikapu akiwa ameupaka mafuta ya alizeti, na ndipo Mama Profesa akaacha kugeuza chapati. Mkono uliotwanga mtama tangu utotoni ulirudi nyuma mara moja, ukanyooka, na mpira ukashika katikati ya njia bila kuruka hata punje ya samadi. Pini nane. Kwa mpira wa pili akazimaliza mbili zilizobaki. Watoto wakapiga vigelegele wakazipanga upesi upesi, vizuri, kwa unyofu mkubwa. Aliharibu raundi mbili tatu, si mtu wa miujiza, lakini alimaliza na 96. Ongeza 98.

Mjomba Katiba alihesabu mara tatu. Jumla 194.

Ndipo Redio, mwanangu asiyeweza kuhifadhi kitu, akafungua kinywa mbele ya umati: "Si anafanyaga mazoezi kila alfajiri mkiwa mmelala! Aliniambia nikisema hanipi ubuyu." Kimya. Kisha akaongeza, "Na leo kaninyima."

Profesa akakimbilia simu yake. Akasoma kwamba wenzetu walishaliona hilo zamani. Marekani walianza kuweka kanuni rasmi tangu kilipoundwa chama chao cha taifa mjini New York mwaka 1895, na chama chao cha sasa, kilichozaliwa mwaka 2005 kwa kuunganisha vile vya zamani, kinamruhusu mwandaaji kumpangia mchezaji wastani mwingine akiona uliopo haufanani na uwezo wake. Yaani mtu anayejifanya hajui apate kubebwa si mgeni duniani. Ana kifungu chake. Mjomba Katiba alisisimka mwili. Akasimama, akakohoa, akamgeukia Makulu kwa heshima zote na kusema kamati inaomba kujadili matokeo.

Makulu akakaa kwenye kigoda changu. "Jadilini," akasema. "Na mkimaliza mnirudishie kinu changu. Kisha mtu mmoja anieleze, sisi ambao ng'ombe wetu waliondolewa mwaka 1986, hata beberu mmoja nalo ni tatizo?"

Kamati ilijadili kwa muda wa kunywa kikombe cha maji. Beberu alikabidhiwa saa kumi na moja jioni. Picha ilipigwa, mimi ndiye niliyeshika kamba.

Makulu hakwenda naye popote. Anasema kwake hakuna banda zuri, na isitoshe bado hajamaliza kutusalimia. Kwa hiyo beberu yuko palepale alipokuwa, anakula majani ninayokata mimi, ila sasa nikitaka kumchinja naomba ruhusa. Nilipomlalamikia Mama Profesa usiku, alinigeuzia mgongo, akacheka chini ya shuka mpaka kitanda kikalia. Yeye alikuwa akijua kuhusu mazoezi ya alfajiri tangu mwanzo. Mimi ndiye niliyedhani anampikia mama yake uji wa mapema kwa ajili ya goti.

Mashindano ya pili yamepangwa mwakani baada ya mavuno, na michango imeshaanza kukusanywa. Kiingilio ni shilingi elfu mbili, chapati unanunua mwenyewe. Ukija, njoo na wastani wako ulioandikwa na mtu asiye ndugu yako. Na ukimkuta pale uwanjani mama mtu mzima anachechemea, mwamkie, msaidie kubeba mpira, mpe hata kiti. Pointi usimpe.